Rimasta au rimiksi? Tulinganishe matoleo mapya ya roki ya zamani: King Crimson, Pink Floyd, Jethro Tull na Amanaz

Sindano_Mpya (Mombasa)

Wakuu, habari za leo. Nimeachiwa mashine ya santuri na mjomba aliyehamia Voi. Nimeibadilisha mkanda na sindano, sasa inazunguka sawasawa. Nataka kuanza kununua santuri polepole, na ninachokipenda hasa ni roki ya Uingereza ya mwaka 1969 mpaka 1977, ile ambayo wimbo mmoja unaweza kula upande mzima, pamoja na Zamrock, yaani roki ya Zambia ya miaka ya 1970.

Kinachonisumbua ni wingi wa matoleo. Albamu ya kwanza ya King Crimson, In the Court of the Crimson King, peke yake nimeikuta ina rimasta, rimiksi ya miaka 40, rimiksi nyingine ya miaka 50, na masanduku juu yake. Animals ya Pink Floyd ipo ya 1977, na ipo nyingine imeandikwa 2018 ilhali ilitoka 2022. Aqualung ya Jethro Tull nayo ndivyo hivyo hivyo. Africa ya Amanaz nimeambiwa ina sura mbili tofauti kabisa. Kuagiza kutoka Ulaya hadi Mombasa kuna nauli na ushuru, na ukishafungua nailoni huwezi kurudisha. Mwaka huu nitamudu mbili tu. Naomba kusikia kwa walio nazo mkononi: katika hizo nne, mngechukua zipi, na toleo lipi la kila moja?

Fundi_Kanda (Nairobi)

Karibu sana, Sindano. Kabla ya kugusa albamu, tenga kwanza mambo mawili ambayo kwenye matangazo ya wauzaji huwa yamechanganywa.

Rimasta inaanzia kwenye kanda iliyokwisha kuchanganywa, yaani kanda ya stirio yenye njia mbili, kushoto na kulia. Fundi anaweza kuongeza besi kidogo, kupunguza ukali, kuondoa mivumo, kupandisha sauti ya jumla. Hawezi kumgusa mpiga dramu bila kumgusa na mwimbaji, maana wote wameshakuwa kitu kimoja. Rimiksi inarudi nyuma zaidi, kwenye kanda za njia nane au kumi na sita ambako vyombo bado vimetengana. Hapo fundi anaamua upya gitaa likae wapi, mwangwi uwe kiasi gani, mwimbaji asogee mbele au nyuma. Kwa hiyo ukinunua rimiksi umenunua na maamuzi ya mtu, na inabidi ujue ni nani huyo.

Sasa King Crimson. Albamu hii ndiyo shule nzuri kuliko zote kwa sababu safari ya kanda zake inajulikana hatua kwa hatua. Walirekodi studio za Wessex, London, mwaka 1969, kwa mashine ya njia nane. Mashine ya stirio waliyochanganyia vichwa vyake havikuwa vimekaa sawa, basi sauti za juu zikapungua na mkwaruzo usiotakiwa ukaingia. Toleo la Marekani lilipokuwa linaandaliwa kwa ajili ya lebo ya Atlantic, ikatengenezwa nakala maalumu ya kujaribu kurekebisha kasoro hizo, na nakala hiyo ndiyo iliyokuja kuzaa nakala nyingine nyingi za santuri, kaseti na CD. Kanda ya kwanza yenyewe ilifungiwa mahali, ikahesabiwa imepotea, mpaka ilipopatikana mwaka 2003. Yaani kwa zaidi ya miaka 30 dunia ilikuwa inasikiliza nakala, na mara nyingine nakala ya nakala. Rimasta ya 2004 imetokana na ile kanda iliyopatikana, na santuri nzito ya gramu 200 iliyotoka 2010 inafuata kazi hiyo.

Mwaka 2009 Steven Wilson, mwanamuziki na fundi wa rimiksi, akiwa pamoja na Robert Fripp, mpiga gitaa wa bendi, alirudi kwenye kanda za njia nane zenyewe. Njia nane zilikuwa hazitoshi kwa muziki ule. Meloturoni (kinanda kinachotoa sauti zilizorekodiwa kwenye kanda) peke yake imepangwa tabaka juu ya tabaka. Zilipojaa, mafundi wa 1969 walikuwa wanaunganisha kadhaa kuwa moja ili wapate nafasi ya kuongeza nyingine, na kila muungano ulikuwa unapunguza ubora. Wilson alizichukua kanda za kabla ya miungano hiyo, akazipanga pamoja kwenye kompyuta, akapata vyombo vikiwa bado vibichi.

Matokeo yake yasikilize kwenye "21st Century Schizoid Man", pale katikati ambapo bendi nzima inakimbia pamoja, inakata ghafla, kisha inakimbia tena kwa sauti ya chini. Kwenye nakala nilizokulia mimi, saksofoni na gitaa hapo vimegandana. Kwenye rimiksi unaweza kumfuata Ian McDonald na saksofoni yake peke yake, halafu ukarudi ukamfuata Michael Giles, na kila kijipigo cha fimbo kwenye ngozi ya dramu ukakipata. Mimi ningechukua rimiksi bila kusita.

MwanaTemeke (Dar es Salaam)

Fundi, elimu yako naipokea yote, ila hukumu yako naipinga.

Rimiksi ya 2009 iliukata "Moonchild". Wimbo ule una dakika 12 na ushei, na sehemu kubwa ni wanamuziki wanapapasa vyombo kwa utulivu, mmoja anauliza mwingine anajibu, hakuna haraka. Kwenye mchanganyiko mpya umebaki kama dakika tisa, na ule mzima ukasogezwa mwisho wa CD kama nyongeza. Fripp alikuwepo na aliridhia, hilo nalijua. Lakini albamu ilitoka tarehe 10 Oktoba 1969 ikiwa na subira ile ndani yake. Zile dakika ndizo zinazokutayarisha kwa wimbo wa mwisho. Umekaa kwenye ukimya karibu unasinzia, halafu kwaya na meloturoni vinafunguka kwa pamoja. Ukipunguza ukimya, mlango ule haufunguki kwa uzito ule ule.

Na huo mkwaruzo wa "Schizoid Man": sauti ya Greg Lake ilichafuliwa makusudi. Kuna uchafu wa mashine mbovu na kuna uchafu uliotafutwa, na ukianza kusafisha inabidi uwe na mkono mwepesi mno usije ukaufuta wa pili. Mimi ninaponunua santuri ya 1969 nataka kusikia walichokubaliana watu wa 1969, kutoka kwenye kanda iliyo karibu zaidi nao. Hiyo ni rimasta ya 2004. Kwa santuri, chukua ile ya 2010.

Fundi_Kanda (Nairobi)

Hoja ya "Moonchild" ina nguvu, siibishii. Kwa mtu atakayekuwa na nakala moja tu nyumbani, rimasta ya 2004 ni chaguo la heshima. Rimiksi naiona kama kuingia studio na kusimama katikati yao, na mimi kwa kazi yangu hicho ndicho ninachokitafuta.

Sindano, zote mbili hupatikana kwenye huduma za kusikiliza muziki mtandaoni. Weka hedifoni, sikiliza "Moonchild" mbili hizo kabla hujatoa hela.

Dada_Besi (Toronto)

Hamjambo nyote. Nimezaliwa Tanga, napiga besi kwenye bendi ndogo huku, kwa hiyo albamu huwa naisikiliza kuanzia chini kwenda juu. Niwasaidie na hizo mbili za katikati.

Animals. Pink Floyd waliirekodi mwaka 1976 kwenye studio yao wenyewe, Britannia Row, huko Islington. Mchanganyiko wa mwanzo ni mkavu na wa giza, na wengi wetu tuliupenda hivyo kwa sababu maneno yenyewe ni makali. Rimiksi ni ya James Guthrie, aliyefanya nao kazi tangu albamu yao ya The Wall. Aliimaliza 2018, ndiyo maana ina jina hilo, ila Roger Waters na David Gilmour wa bendi hiyo hawakuelewana kuhusu maandishi ya ndani ya jalada, basi ikakaa mpaka Septemba 2022. Na maandishi yenyewe hayakuwekwa.

Guthrie hakubadilisha mpangilio wa nyimbo wala kukata kitu. Alichofanya ni kufungua madirisha. Dramu za Nick Mason zimepata mwili, na besi sasa ina mwanzo na mwisho wa kila noti. Kwenye "Pigs" na "Sheep" anayepiga besi ni Gilmour, Waters ameshika gitaa la kusindikiza, na kwa mara ya kwanza nilisikia wazi kwamba ile ni mikono ya mpiga gitaa: anavuta nyuzi, anateleza kati ya noti kwa namna ambayo Waters hapigi. Pia pale "Sheep" inapoanza, Richard Wright akiwa peke yake na kinanda chake cha umeme, kwenye santuri ya zamani kinanda kile kilikuwa kama kiko chumba cha pili. Sasa amekaa mbele yako.

Kilichopungua ni hasira. Ule ukavu wa 1977 ulikuwa unakubana kifua, na kwenye "Dogs", dakika 17 zile, kubanwa ndiko kunakofaa. Kwa hiyo Animals ningeiacha kwa baadaye kwenye orodha yako. Iliuzwa kwa wingi wakati wake, nakala ya mtumba ya mchanganyiko wa zamani si adimu, na rimiksi unaweza kuisikiliza mtandaoni.

Aqualung ni kesi tofauti kabisa, haina hata mjadala. Ilirekodiwa kwenye studio mpya ya Island pale Basing Street, London, ndani ya jengo lililokuwa kanisa. Led Zeppelin walikuwa jengo hilo hilo wakifanya albamu yao ya nne. Studio ilikuwa changa, vyumba havijazoeleka, na Ian Anderson mwenyewe, mwimbaji wa Jethro Tull, amelalamikia sauti ya albamu ile kwa miaka mingi. Ilitoka 1971 na nyimbo zake zikaipeleka mbali licha ya sauti kuwa finyu. Rimiksi ya Wilson ya 2011 iliikomboa. Wimbo wenyewe wa "Aqualung": lile gitaa la kwanza linagonga, kisha kila kitu kinashuka, inabaki gitaa la mbao na sauti ya Anderson iliyominywa kama inatoka kwenye simu. Kwenye mchanganyiko wa zamani tofauti kati ya sehemu hizo mbili ni ndogo. Kwenye mpya unashtuka. Ukinunua Aqualung, hakikisha jalada limemtaja Steven Wilson.

Kijana_wa_Tisini (Arusha)

Samahani kwa kuingilia, mimi ni wa roki ya miaka ya 1990. In Utero ya Nirvana ina hali kama hii. Steve Albini aliirekodi Minnesota mwezi Februari 1993, kisha nyimbo mbili, "Heart-Shaped Box" na "All Apologies", zikachanganywa upya na Scott Litt kabla albamu haijatoka. Mwaka 2013 Albini akaichanganya yote upya. Je, niichukue hiyo?

Dada_Besi (Toronto)

Mdogo wangu, anza na mchanganyiko wa 1993. Ule wa 2013 una maana kwa mtu anayeijua albamu kwa moyo, kwa sababu raha yake iko kwenye kutambua kilichobadilika. Na kama utapenda Radiohead, OKNOTOK ya 2017 ni rimasta ya albamu yao OK Computer kutoka kanda za asili, pamoja na nyimbo tatu ambazo hazikuwahi kutolewa, "Lift" ikiwemo. Hiyo inunue bila wasiwasi.

Kopa_Lubumbashi (Lubumbashi)

Salamu zenu ndugu. Mmezungumza London sana, ruhusuni tushuke Kitwe.

Kwetu Kitwe si mbali. Unavuka Kasumbalesa, unapita Chililabombwe, Chingola, umefika. Ukanda ule ni mmoja, shaba ni ile ile, mpaka ndio uliotugawa. Marehemu baba alikuwa akivuka kwa shughuli zake na kurudi na santuri, kwa hiyo Zamrock nyumbani kwetu ilikuwa muziki wa Jumapili mchana kabla haijaitwa hazina na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani.

Sindano, ili uchague toleo vizuri inafaa ujue mazingira. Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, na shaba ilikuwa inalipa. Vijana wa miji ya migodi walikuwa na gitaa za umeme, na walisikia roki ya Uingereza na Marekani. Kaunda akaagiza redio zipige asilimia 95 muziki wa nyumbani, na bendi zikapata sababu ya kurekodi za kwao, kwa Kiingereza, Kibemba na Kinyanja. Halafu katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba ikaanguka, na vita vya ukombozi kwa majirani vikaleta kafyu na giza, bendi zikawa zinapiga mchana. Muziki ule umetengenezwa haraka, kwa vifaa vichache, na watu waliokuwa na mengi ya kusema.

Amanaz walikuwa wa hapo Kitwe. Jina lao limetokana na maneno "Ask Me About Nice Artistes in Zambia". Africa ni albamu yao moja, ya 1975, na ilitoka kwa michanganyiko miwili. Mmoja ni mkavu: sauti iko karibu na sikio, gitaa la fazi, lile lenye sauti iliyochafuliwa makusudi, linakwaruza bila kupambwa, dramu fupi na ngumu. Mwingine umezamishwa ndani ya mwangwi mpaka nyimbo zinaelea. Muziki ni ule ule, wachezaji ni wale wale, lakini ukimpigia mtu asiyejua atakwambia ni bendi mbili.

Nimezilinganisha wimbo kwa wimbo. "History of Man" inataka ukavu. Lile gitaa zito likiwekewa mwangwi linapoteza meno. "Khala My Friend" ni kinyume chake. Ni wimbo wa taratibu wa huzuni, mwimbaji anambembeleza rafiki, na kwenye mchanganyiko wa mwangwi sauti zinazomwitikia zinatoka mbali na kurudi, huzuni inapata mahali pa kukaa. Kwenye mkavu bado ni mzuri, ila unaisha mapema moyoni.

Habari njema ni kwamba huhitaji kuchagua. Now-Again, lebo ya Los Angeles, ilitoa toleo la santuri mbili, kila moja na mchanganyiko wake. Ndilo la kununua. Kuna matoleo mengine ya Zamrock yaliyozagaa Ulaya, mengine ya halali na mengine hayamtaji mwenye muziki popote. Kanda za asili za muziki kama huu nyingi zilipotea, kwa hiyo hata mtu mwaminifu wakati mwingine hulazimika kunakili kutoka kwenye santuri ya zamani. Mtu asiye mwaminifu hufanya hivyo hivyo, tena kwa santuri iliyochakaa, na hamlipi yeyote.

Hili la malipo nalisema kwa uchungu. Watazame WITCH, bendi nyingine ya Zamrock. Kufikia mwaka 2001, wenzake wote wa kikosi cha kwanza wa mwimbaji wao, Jagari Chanda, walikuwa wamekwisha kufa. Yeye alifundisha muziki, kisha akaingia kuchimba vito. Now-Again walipotoa sanduku la albamu zao mwaka 2012, dunia ndiyo ikamtafuta, akaanza tena kusafiri na kupanda jukwaani, na bendi imetoa albamu mpya, Zango mwaka 2023 na Sogolo mwaka 2025. Toleo jipya lililofanywa kwa haki lilimrudisha mzee kwenye kazi yake. Kwa hiyo mimi nikilinganisha matoleo, swali langu la kwanza ni nani anapokea hela, la pili ndiyo sauti.

MwanaTemeke (Dar es Salaam)

Ndugu Kopa, asante mno. Mwanangu ameifahamu Ngozi Family, bendi ya Zamrock ya Paul Ngozi, kupitia "NOID" ya 2024 ya Tyler, the Creator, rapa wa Marekani, ile iliyochukua kipande cha "Nizakupanga Ngozi". Nikampigia wimbo wenyewe, wa 1977, akakaa kimya mpaka ulipoisha. Kama mtu anataka kuingia Zamrock kwa mlango wa nguvu, Paul Ngozi ndiye mlango. Amanaz ni wa kusikiliza ukiwa umetulia.

Sikio_Muscat (Muscat)

Assalaam alaykum. Nimesoma yote kwa furaha, nina machache ya kuongeza juu ya hizo nembo zinazobandikwa kwenye majalada, maana zimewatoa watu fedha nyingi.

Gramu 180 au 200 haziongezi ubora wa sauti. Mifereji ni ile ile. Uzito unasaidia santuri kukaa bapa, basi. Nusu kasi ina maana yake: kanda na mashine ya kuchonga vyote vinazungushwa nusu ya mwendo, na kisu kinapata muda wa kuchonga sauti za juu kwa utulivu. Ila fundi asiyesikia vizuri atachonga vibaya hata kwa robo ya mwendo.

Lililonifundisha zaidi ni jambo la Mobile Fidelity. Lebo ile ya Marekani ilikuwa inaheshimika kwa santuri zilizochongwa kutoka kanda za asili, na wanunuzi waliamini hakuna hatua ya dijitali katikati. Mwaka 2022 ikabainika kwamba kwa miaka kadhaa santuri nyingi zilikuwa zimepitia faili la dijitali la ubora wa juu, mafundi wao wenyewe wakakiri, na mambo yakaishia mahakamani kwa suluhu. Kilichonigusa ni kwamba kabla ya hapo wasikilizaji makini walikuwa wanazisifu santuri hizo hizo kwa sauti yake. Tangu siku hizo nembo siisomi. Natafuta jina la fundi na chanzo cha kanda. Lebo isiyotaja hata kimoja, naiacha dukani.

Na wewe Sindano uko Pwani kama mimi, basi joto. Usiagize santuri ipite njiani miezi ya joto kali, itakaa kwenye gari la mizigo na kuja imejikunja kingo. Zikifika, zisimamishe wima, usizilaze. Karatasi ya ndani itupe mapema uweke mfuko laini wa plastiki, kwa sababu karatasi kwa unyevu wa Mombasa huota ukungu, na ukungu ukishaingia kwenye mifereji utausikia kila mzunguko.

Sindano_Mpya (Mombasa)

Wakuu, nimepata zaidi ya nilichoomba. Nimefanya kama Fundi alivyoelekeza: hedifoni, "Moonchild" zote mbili, ile fupi kwanza halafu ndefu. Nimesimama na MwanaTemeke. Ule mlango wa wimbo wa mwisho nimeusikia ukifunguka. "Schizoid Man" ya rimiksi kwa kweli ni ajabu, na nitaendelea kuisikiliza kwa simu, ila santuri nitanunua ile ya 2010.

Ya pili ni Africa ya Amanaz, hiyo ya santuri mbili. Aqualung ya Wilson nitaisubiri mwakani, na Animals nitaitafuta ya mtumba Nairobi, nasikia Kenyatta Market kuna vibanda vya santuri.

Swali moja la mwisho kwa Fundi. Mashine yangu, wimbo wa mwisho wa kila upande unakwaruza kidogo kwenye sauti za juu. Ni santuri au ni mimi?

Fundi_Kanda (Nairobi)

Kenyatta Market vipo, nenda na muda wa kutosha, na uombe kuisikiliza kabla hujalipa.

Mkwaruzo huo ni wa kawaida kuliko unavyodhani. Santuri inazunguka kwa mwendo mmoja, lakini kadiri sindano inavyokaribia katikati, duara linakuwa dogo, sauti ile ile inabanwa kwenye urefu mfupi wa mfereji. Sindano ya ncha ya mviringo wa kawaida inashindwa kuifuata. Kwa muziki unaoupenda wewe hili ni muhimu, maana hawa watu huweka mlipuko wao mwishoni mwa upande. King Crimson wamefanya hivyo pande zote mbili.

Fanya mambo mawili. Kwanza pima uzito wa sindano kwa kipimo kidogo cha dijitali, ufuate kiwango cha aliyeitengeneza. Wengi huweka mwepesi mno wakidhani wanaihurumia santuri, na sindano inayorukaruka ndiyo inayoharibu. Pili, sindano hii ikichoka, nunua ya ncha ya yai, itaingia vizuri zaidi kwenye mifereji ya ndani.

Kopa_Lubumbashi (Lubumbashi)

Sindano, umechagua vizuri. Africa ikifika, anza na santuri ya mchanganyiko mkavu, pande zote mbili mpaka mwisho, ndipo uweke ya mwangwi. Ukianza na mwangwi, mkavu utauona mtupu wakati si mtupu. Utwambie "Khala My Friend" imekukalia ipi.

Sindano_Mpya (Mombasa)

Nitafanya hivyo, ndugu yangu. Nimeagiza zote mbili leo, muuzaji amesema atazifunga kwa kadibodi ngumu pande zote. Zikifika nitaandika hapa hapa.